Mtoto wa Jicho

Simu yake ililia alfajiri, siku ya tatu baada ya upasuaji wa pili.
"Lamara," alisema, salamu hakuna, "shati langu ni jeupe.
Kumbe. Na mimi nililiita la rangi ya siagi."

Mimi ndiye niliyekuwa nikimpimia umbali,
utepe wa chuma toka kwenye lenzi hadi kope za mwigizaji:
mita mbili na vidole vinne; mita moja kasorobo.
Wengine walimwita bwana wa nuru.
Mimi nilimjua kwa uso wake uliozeeka upande mmoja:
jicho la kushoto, alilolifumba kazini miaka arobaini,
limezungukwa na mikunjo kama shamba lililolimwa,
na la kulia laini, wazi, halijashiba.

Elguja, mtoto wa fundi saa wa Kutaisi.
Siku moja alichukua kioo cha kukuzia cha baba yake,
akakielekeza dirishani, na mti wa uani
ukasimama ukutani kichwa chini, majani yakitikisika.
Siku hiyo hakula mchana.

Kisha Svaneti, filamu ya mjane na kengele.
Siku kumi na moja tulingoja wingu moja liondoke.
Mwongozaji aliutukana mlima, akamtukana na mama wa mlima.
Elguja alikaa juu ya sanduku la betri
akivunja kokwa za jozi kwa jiwe.
Siku ya kumi na mbili akainuka, akasema, "Sasa."
Wingu lilikuwa pale pale.
Ndiyo maana mjane yule anavuka theluji bila kivuli.

Halafu ikaja miaka Tbilisi ilipozimika.
Lenzi zake aliziuza moja moja:
ya milimita hamsini ikawa mafuta ya taa,
ya themanini na tano ikawa jiko la bati na kuni za mwezi.
Akapiga picha za harusi kwa video ya kukodi,
bibi harusi kamulikwa na taa za Lada mbili zilizochoka.
Nimeiona kanda moja. Niliirudia.
Sijaona malkia wa filamu yoyote aliyewaka vile.

Tsiala, mkewe, alikufa bila kumzalia.
Mtoto wake pekee alimjia uzeeni, mtoto wa jicho,
akaingia la kulia kwanza, lile la kazi,
kisha akahamia kwa jirani.

Na hatukujua. Au tulijua.
Mwaka juzi walipoisafisha ile filamu ya theluji
alikaa mbele ya skrini, binti Nutsa akishika vitufe.
"Njano imezidi. Tia bluu.
Tia tena."
Nutsa akanigeukia.
Mimi niliyepima kila kitu, hilo sikulipima.
Nilitazama viatu vyangu.
Theluji ikawa kama wino wa shule.

Jumamosi tukaenda kuitazama, sinema ndogo mtaa wa Vera.
Nilikaa nyuma yake, kwa woga.
Mjane akatokea, bluu. Kengele, bluu.
Nikaona mkono wake ukikamata kiti.

"Ulijua?"
"Nilijua."

Akarudi kutazama, kwa macho yote mawili;
sikuwahi kumwona akitazama kwa mawili.
Mjane alikuwa amefika ng'ambo aliponong'ona:
"Vidole vyako viliganda siku ile,
utepe ukakushinda. Ulinipimia kwa hatua."
"Hatua tisa."
"Basi iachwe. Ilikuwa baridi hivi hivi."

Nje alisimama katikati ya njia,
watu wakimpita kwa mabega,
akilikodolea macho gari la taka likipanda kilima.
"Na hilo," aliuliza, "limekuwa bluu siku zote?"